Nyasi Nyekundu za Pianorsa

Alhamisi ya pili ya Januari, saa kumi na mbili kasoro robo jioni, Oliva Dacorte alikuwa kwenye kigoda akimkamua ng'ombe wake Bruna. Alikuwa amefika chuchu ya tatu pale mbingu ya upande wa kaskazini ilipogeuka nyekundu. Aliiona kupitia mlango wa zizi. Akamaliza chuchu ya nne, akafunika ndoo, ndipo akatoka nje kutazama.

Ng'ambo ya bonde, kwenye miteremko ya watalii, viti vya waya vya kupandishia watu mlimani vilikuwa vimesimamishwa na watu waliomo wamebaki wananing'inia hewani na mbao zao za kutelezea miguuni, kila mmoja ameinua simu. Mchana redio ilikuwa imetaja kwamba jua limechafuka, na kwamba ile mianga ya kaskazini, ambayo kwa kawaida hukaa na watu wa mbali kule kwenye barafu, huenda ikateremka hadi milima ya Italia. Basi iliteremka. Ilikaa nusu saa juu ya vilele, ikapauka, ikaondoka. Watu wa kijiji cha Valmora wakaingia ndani kula ugali wa njano na jibini.

Ijumaa mwanga ulirudi, lakini safari hii haukukaa angani. Ulishuka taratibu nyuma ya misunobari, ukatua kwenye uwanda wa Pianorsa juu ya theluji, ukasimama wima, mwembamba na mwingi, mpaka kiunoni. Upepo ulipopita uliinama wote upande mmoja, kisha ukainuka. Oliva alisimama ukingoni kama dakika tano. Alikuwa akikata nyasi za Pianorsa tangu utoto wake, na kitu kikisimama namna ile kwenye uwanda ule maana yake kimekomaa. Akarudi nyumbani, akautungua ukutani mundu mrefu wa baba yake, akaunoa, akafunga viatu vya theluji, akaenda kukata.

Hapa lazima lisemwe jambo moja, la sivyo mengine hayataeleweka. Pianorsa haikuwa ya Oliva. Msitu na nyanda zote za Valmora ni mali ya Jumuiya, na Jumuiya huhesabu watu kwa majiko. Yapo majiko arobaini na moja, kila jiko na mwanamume wake, na jina la mwanamume huyo limeandikwa kwenye daftari lenye jalada la ngozi. Aliyeandikwa ana fungu lake la kuni, uwanda wake wa nyasi na kura yake. Binti asiye na kaka huandikwa mahali pa baba yake, na Oliva aliandikwa hivyo akiwa na miaka ishirini na miwili. Miaka miwili baadaye aliolewa na Nevio, kijana wa tambarare aliyekuja kufunga nyaya za viti vya watalii, na binti akiolewa na mgeni hufutwa. Harusi ilikuwa Jumamosi. Jumatatu asubuhi jina lake lilipigwa mstari wa wino, na jiko la Dacorte likahamia kwa binamu yake Bortolo. Sasa Oliva alikuwa na miaka sitini na mmoja, na Nevio alishazikwa miaka kumi na mmoja nyuma, ila mstari ulikuwa palepale.

Bortolo hakuwa mtu wa makelele. Alikuwa na duka la kukodisha mbao za kutelezea, na mara ya mwisho kushika mundu alikuwa kijana wa miaka kumi na mitano, kwa hiyo alimruhusu Oliva aendelee kukata nyasi za Pianorsa kila kiangazi. Kila vuli alimletea mkokoteni mzima wa kuni mpaka mlangoni, akazipanga mwenyewe ukutani, akakataa kahawa. Kuni hizo zilitoka kwenye fungu la marehemu baba yake Oliva. Oliva alimshukuru kila vuli, tena kwa moyo.

Mwanga hukatwa vizuri kabla baridi haijaukaza. Oliva alilijua hilo Jumamosi, mwanga uliposhuka tena, siku yake ya pili ya kukata. Ukichelewa mpaka saa mbili unakuwa mgumu, na mundu unauvunja vipande vidogo visivyookoteka. Aliulaza kwa safu, akaufunga mizigo minne kwa kamba, akaipakia kwenye sleji ya kuburuta na kuishusha ghalani, kama nyasi za milimani zilivyokuwa zikishushwa zamani wakati wa theluji. Ghala likang'aa kupitia nafasi za mbao. Bruna aliula bila ubishi. Maziwa yake yalibaki maziwa, isipokuwa siagi yake iliweza kusomewa gazeti.

Jirani yake Tilde, bibi wa miaka themanini na mbili ambaye hakuwahi kuona kitu akakosa la kusema, alikuja Jumapili baada ya ibada akaishika ile siagi na kuigeuza geuza.

"Ladha yake?"

"Ya siagi."

"Afadhali. Nikatie kipande basi, mwenzangu, balbu yangu ya chooni imeungua tangu Krismasi."

Jumatatu alikuja Mzee Silvestro, mkuu wa Jumuiya, pamoja na meneja wa viti vya waya. Silvestro alivua kofia lakini hakuvua viatu, na theluji yake ikaanza kuyeyuka juu ya sakafu ya Oliva.

"Oliva, inasemekana unakata."

"Haisemekani, mzee. Ghala langu linaonekana mpaka kanisani."

"Kinachoota kwenye ardhi ya Jumuiya ni cha Jumuiya."

"Huu haukuota. Umeanguka."

"Na kinachoanguka pia. Matawi, mbegu za misunobari, pembe za kulungu. Imo kwenye kanuni."

Meneja alikohoa. Alisema kwamba kampuni ingependa mwanga uhamishiwe ng'ambo, upande wa viti, kwa kuwa kutoka kule wageni huona nusu yake tu, na wengine wamelalamika.

"Uhamishe, bwana," alisema Oliva. "Ukiweza kuushika, ni wako."

Meneja alitazama mikono yake. Mzee Silvestro alizungusha kofia.

"Usifanye mzaha na mgeni, dada yangu. Huna haki ya kukata pale. Kwa nyasi tulikuachia, maana Bortolo ni mtu mwema. Lakini hili ni jambo jingine."

"Ningekuwa kwenye daftari?"

"Ungekuwa kwenye daftari, nani angesema neno?"

"Basi niandikeni."

"Ombi lako litapigiwa kura Jumatano, kama kila mwaka." Silvestro akavaa kofia. Alipofika mlangoni akageuka, kwa kuwa alikuwa mtu wa kanuni kuanzia utosini hadi kwenye vile viatu vilivyolowa. "Na ulete mzigo mmoja wa hicho kitu. Kinachobishaniwa lazima kiwekwe mezani mbele ya wapiga kura. Ndivyo ilivyoandikwa."

Oliva alisema atauleta.

Lilikuwa ombi lake la kumi. Kila mwaka, sikukuu ya Mtakatifu Antoni wa mifugo, padri akishabariki ng'ombe na mbuzi uwanjani, Jumuiya hukutana kwenye ukumbi wake na kupiga kura kwa maharagwe. Kila jiko hupewa harage jeupe na harage jeusi. Mwanamume hufumba moja kwenye ngumi, hupita mbele ya meza, na kulitumbukiza kwenye mfuko wa kura, la pili hubaki kwake. Mkuu huuchungulia mfuko, hutangaza limepita au halikupita bila kutaja hesabu, kisha huyamimina maharagwe yote kwenye chungu cha supu kinachochemka jikoni, chenye maharagwe mengine kilo sita, na Jumuiya nzima huketi ikala kura yake. Kwa hiyo tangu enzi za mababu hakuna aliyewahi kujua nani aliweka nini. Wanaume wa Valmora hulisifu jambo hilo kwamba ndilo lililowaweka pamoja.

Mara tisa Oliva alisimama mlangoni mwa jiko, mahali wanawake wanaporuhusiwa kusimama, akasikia "halikupita". Na mara tisa, kesho yake, wanaume walimsimamisha njiani mmoja mmoja kumwambia wao waliweka jeupe. Gildo, mlinzi wa msitu, alimwambia hivyo huku ameshika moyo. Mwokaji mikate alimwambia. Silvestro mwenyewe alimnong'oneza mara moja, makaburini. Bortolo alimwambia kila mwaka, na mwaka mmoja alitokwa na machozi. Ukihesabu maneno, Oliva alikuwa ameshinda mara tisa. Mtu pekee ambaye hakuwahi kumwambia kitu ni Arcangelo, seremala, aliyekuwa akitema mate kila Nevio alipopita, na ambaye hakumwamkia Oliva miaka ishirini.

"Ni Arcangelo na genge lake," Bortolo alikuwa akisema. "Vumilia, binamu. Wale watakufa."

Jumatano saa kumi alasiri, Bruna akiwa bado ana maji ya baraka kichwani, Oliva aliingia ukumbini na mzigo mmoja mgongoni. Akautua mezani kando ya mfuko wa kura. Silvestro alimwambia mwandishi aandike kwamba kielelezo kimepokewa, rangi nyekundu, urefu dhiraa mbili, uzito hauonekani kwenye mizani. Nje kulishaanza kuwa giza. Mtu mmoja alisema hakuna haja ya kuwasha taa, na hawakuwasha.

Oliva akaenda kusimama mlangoni mwa jiko pamoja na Tilde, aliyekuwa akikoroga supu.

Wa kwanza kupita alikuwa mwokaji mikate. Alinyoosha ngumi yake juu ya meza, na mwanga ukaipita nyama ya mkono kama kurunzi inavyopita kiganjani mwa mtoto. Ikaonekana mifupa. Ikaonekana pete. Katikati likaonekana harage, jeusi ti, limekaa kama kokwa ndani ya tunda. Mwokaji aliliona. Ukumbi mzima uliliona. Akalitumbukiza mfukoni, akarudi kukaa, akatazama dari.

Kanuni inasema kura ikishaanza haikatizwi, na watu wa Valmora hawajawahi kuikatiza, hata mwaka ule paa la ukumbi liliposhika moto. Wakaendelea kupita kwa mpangilio wa nyumba zao. Harage jeupe lilipokuwa ndani ya ngumi, mwanga ulilipitia nalo na ngumi ikabaki safi. Jeusi lilikaa.

Gildo, mlinzi wa msitu, ambaye Oliva alishinda naye zizini siku nzima ya Pasaka kumzalishia ng'ombe wake ndama aliyekaa vibaya, alipita akiwa ameubana mkono kifuani mpaka dakika ya mwisho. Jeusi. Mzee Silvestro alipita kwa mwendo wake uleule wa ibada. Jeusi.

"Mmh," alisema Tilde, akikoroga.

Kisha likaitwa jiko la Dacorte. Bortolo aliinuka akajifuta mkono kwenye suruali. Alitembea polepole, na alipofika mezani aliangalia mlango wa jiko, akakutana na macho ya Oliva, akatabasamu lile tabasamu la kila vuli. Labda alidhani mkono wake ni mnene kuliko wa wengine. Akaunyoosha. Harage lilikuwa jeusi, na alilishika kwa vidole vyote vitano.

Ilimuuma Oliva. Asiambiwe mtu kwamba haikumuuma kwa kuwa hakulia. Alishika fremu ya mlango, na kilichomjia kichwani kilikuwa zile kuni zilizopangwa vizuri ukutani, miaka thelathini na saba ya kuni, na asante zake zote. Angeweza kumsamehe jeusi lake. Asante zile ndizo alizotaka kurudishiwa.

Arcangelo alipita karibu na mwisho, akichechemea, amenuna. Ngumi yake ilikuwa safi tupu. Alilitumbukiza harage lake jeupe mfukoni na kumwangalia Oliva kwa hasira, kama aliyefumaniwa, akarudi kukaa.

Meusi yalikuwa thelathini na mawili, meupe tisa. Oliva aliyahesabu, na kila mtu ukumbini aliyahesabu. Silvestro aliuchungulia mfuko muda uleule anaochungulia kila mwaka.

"Halikupita," akatangaza. Akaenda jikoni, akayamimina maharagwe chunguni.

Wanaume walisogeza viti, wakaketi, wakaanza kugawana mikate. Hapo Oliva akaingia katikati ya ukumbi, mahali ambapo mwanamke asiyeandikwa hakuwahi kukanyaga ila akiwa na ufagio, akavuta kiti, akakaa.

"Nipeni bakuli," alisema.

"Dada Oliva," alianza Silvestro, "hii supu ni ya—"

"Najua ni ya nani, mzee. Mwaka huu maharagwe haya nayajua yote kwa majina. Tilde, nipakulie."

Tilde alimpakulia, bakuli kubwa. Oliva akala. Akala pasipo haraka, akimwangalia kila mmoja kwa zamu yake, na kila aliyeangaliwa akainamia bakuli. Mwokaji mikate alipaliwa, ikabidi apigwe mgongoni.

Bortolo alikuja akasimama nyuma ya kiti chake.

"Binamu. Mwanga ule unadanganya."

"Umeonyesha mpaka pete yako ya ndoa, Bortolo."

"Sikiliza. Wewe ni damu yetu. Lakini nikilirudisha jiko, na watoto wangu je? Jiweke mahali pangu."

"Mahali pako nilikuwa mimi. Ndiyo maana napajua."

"Nimekuletea kuni miaka yote. Nani mwingine alikuletea?"

"Umeniletea kuni zangu." Oliva alikomba bakuli kwa kipande cha mkate. "Vuli hii usiniletee. Nitakuja kuzichukua mwenyewe, mchana kweupe, na mkokoteni wangu. Na sitakushukuru."

Kutoka meza ya mwisho Arcangelo alicheka mara moja, kwa sauti kavu, akarudi kwenye supu yake. Oliva aliinuka akaenda mpaka kwake.

"Wewe miaka yote hii uliniwekea jeupe?"

"Mumeo sikumpenda," alisema Arcangelo. "Alikuwa na mdomo. Hilo na daftari vinahusianaje?"

Oliva akaubeba mzigo wake mgongoni akaenda zake, kwa kuwa Bruna alikuwa hajalishwa.

Wiki iliyofuata Jumuiya ilikutana kwa dharura. Kila mtu Valmora alijua kwamba lazima jambo fulani lirekebishwe baada ya yale yaliyoonekana, na likarekebishwa. Iliamuliwa kwa kauli moja kwamba kuanzia sasa wapiga kura watavaa glavu za ngozi nene, na mwanamke wa kuzishona akatafutwa. Daftari halikuguswa. Kwenye kanuni, baada ya maneno "kiotacho" na "kiangukacho", liliongezwa neno "kiwakacho".

Bortolo, kwa kuwa uwanda ulikuwa wake kisheria, alipanda Pianorsa jioni moja na mashine ya kukatia nyasi. Mashine ilipita katikati ya mwanga na kutokea upande wa pili, na mwanga ukabaki umesimama. Naye mundu hakujua kuutumia. Akaishusha mashine, na watalii waliokuwa kwenye viti walimpiga picha akienda na akirudi. Kampuni ikajenga jukwaa la mbao ng'ambo ili wageni waone vizuri zaidi, na baada ya siku kumi wageni walikuwa wakiuliza yule mama anayekata huanza saa ngapi.

Alianza saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Saa kumi na mbili kamili Gildo alifika na taa ya kichwani na karatasi ya onyo. Kanuni inasema asiyeandikwa akikutwa anakata, lazima asomewe onyo lote papo hapo, atie sahihi, na karatasi ihifadhiwe kwenye kabati la Jumuiya daima. Jioni za mwanzo Gildo alisoma akiwa amejigeuza pembeni.

"Soma kwa sauti," Oliva alimwambia. "Mimi nakata, sisikii vizuri."

"Dada Oliva, unanitesa bure. Kwa nini usiache tu?"

"Kwa nini usiniwekee jeupe?"

Gildo akasoma kwa sauti. Oliva alikata safu moja wakati wa kifungu cha kwanza, safu ya pili wakati wa kifungu cha pili, na ilipofikwa sehemu ya "kiotacho, kiangukacho au kiwakacho" alikuwa ameuegemea mpini wa mundu, anasubiri kalamu. Alivua glavu. Alitia sahihi kwa herufi kubwa, bila kukimbiza mkono: Oliva, binti Tomaso, wa jiko la Dacorte. Kisha akapakia sleji.

Mwandishi wa Jumuiya alipinga yale maneno manne ya mwisho. Silvestro aliifungua kanuni akaisoma mara mbili, na hakupata mahali panapokataza mtu kutia sahihi anavyojiita. Karatasi zikaingia kabatini. Kabati hilo ndimo linamokaa daftari lenye jalada la ngozi, na kufikia mwanzo wa Aprili daftari ilibidi lihamishiwe juu yake, kwa kuwa ndani hapakuwa na nafasi. Humo kabatini jina la Oliva lilikuwa limeandikwa mara sabini na moja, kwa mkono wake mwenyewe, mara nyingi kuliko jina la mwanamume yeyote wa Valmora, aliye hai au aliyekufa.

Jioni ya sabini na mbili theluji ilikuwa imeanza kulainika, na mwanga ulisimama mpaka kifuani. Gildo alisoma onyo lote, akapapasa mfuko mmoja, akapapasa wa pili, akasema amesahau kalamu, basi leo yaishe.

"Nenda kailete," alisema Oliva. "Nakusubiri."

Gildo akashuka mlima. Oliva akatema mate viganjani, akaanza safu nyingine.